Gari la Mwajiri, Mchango wa Pensheni na Kodi ya Mshahara

Mfanyakazi akikabidhiwa ufunguo wa gari la kazini, majirani humwona mtu aliyeshukiwa na neema. Gari linalala uani kwake, Jumamosi linampeleka mkewe sokoni Nangurukuru, na siku ya msiba linabeba wazee hadi Kivinje. Mwisho wa mwezi mwenye gari anafungua hati yake ya mshahara na kukuta kodi imepanda, ilhali mshahara uko palepale. Akiuliza ofisini, anajibiwa kwamba ni kwa sababu ya gari. Akisogeza macho chini kidogo anaona makato mengine, ya mfuko wa hifadhi ya jamii, na hapo huanza kushuku kwamba amekatwa mara mbili kwa jambo moja.

Hajakatwa mara mbili. Hata hivyo inawezekana kabisa kwamba amekatwa vibaya, na makala haya yanalenga kumwezesha kujua kwa kalamu na karatasi, bila kumtegemea mtu. Ieleweke mapema kwamba kodi inayozungumziwa hapa haikusanywi na Halmashauri. Sisi tunahusika na ushuru wa mazao, ushuru wa huduma, leseni na tozo nyingine za namna hiyo. Kodi ya mshahara ni ya Mamlaka ya Mapato Tanzania, na hukatwa na mwajiri kwa utaratibu wa Lipa Kadiri Unavyopata. Tumeona vema kuiandikia somo kwa kuwa wakazi wa kata zetu wameajiriwa katika shughuli za gesi ya Songo Songo na Somanga, katika hoteli za Masoko, kwa wakandarasi wa barabara na kwenye ujenzi wa bandari ya uvuvi, na katika kazi za namna hiyo gari la mwajiri ni jambo la kawaida.

Ngazi za kodi

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, Sura ya 332, haiitazami fedha peke yake inapohesabu mapato ya ajira. Kitu chochote chenye thamani ambacho mwajiri anampa mfanyakazi kwa matumizi yake binafsi, kama nyumba au gari, huhesabiwa kuwa sehemu ya mapato yake, hata kama hakuna shilingi iliyopita mkononi. Jumla ya mapato hayo ndiyo hupandishwa kwenye ngazi za kodi.

Ngazi zenyewe, kwa mkazi wa Tanzania Bara, zimekuwa hivi tangu Julai 2021. Shilingi 270,000 za kwanza katika mwezi hazitozwi kitu. Kinachozidi hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8. Kinachozidi 520,000 hadi 760,000 hutozwa asilimia 20. Kinachozidi 760,000 hadi 1,000,000 hutozwa asilimia 25, na chochote kilicho juu ya milioni moja hutozwa asilimia 30. Kwa hiyo mtu ambaye kipato chake kinachotozwa kodi ni shilingi 760,000 kamili hulipa shilingi 68,000, na wa milioni moja kamili hulipa 128,000.

Wengi huamini kwamba mshahara ukivuka milioni moja, mshahara wote hutozwa asilimia 30. Si hivyo. Fikiria maji ya bamvua yanavyopanda ngazi za gati. Ngazi ya chini ikishajaa, maji huanza kupanda ya pili, lakini maji yaliyo kwenye ngazi ya chini hubaki yalivyokuwa. Shilingi moja iliyovuka milioni hutozwa asilimia 30 peke yake. Zilizotangulia zimeshatozwa katika ngazi zake.

Gari huhesabiwaje

Sheria yetu imeamua kutomsumbua mtu kwa kuuliza gari lilinunuliwa bei gani. Inauliza mambo mawili tu: ukubwa wa injini na umri wa gari. Gari lenye injini isiyozidi cc 1,000 huhesabiwa kuwa mapato ya shilingi 250,000 kwa mwaka likiwa na umri wa chini ya miaka 5, na shilingi 125,000 likiwa limezidi umri huo. Injini ya zaidi ya cc 1,000 hadi 2,000 ni shilingi 500,000 kwa gari jipya na 250,000 kwa lililozeeka. Ya zaidi ya 2,000 hadi 3,000 ni milioni moja, au 500,000. Injini inayozidi cc 3,000 ni shilingi 1,500,000, au 750,000. Hizo si kodi. Ni kiasi kinachoongezwa kwenye mapato, kisha kodi hutozwa juu yake kwa ngazi tulizozitaja. Mhasibu hukigawanya kwa miezi 12 na kukiongeza kidogo kidogo kila mwezi.

Majirani zetu wa Kenya wana njia tofauti, ambayo huanzia kwenye gharama ya kununulia gari na kuhesabu asilimia 2 yake kwa kila mwezi. Uingereza nako hutazama bei ya gari pamoja na moshi linaotoa. Kwa njia hizo, gari la kifahari humgharimu mtumiaji kodi kubwa sana. Kwa njia yetu, gari la bei kubwa na la bei ndogo yenye injini sawa na umri sawa huhesabiwa kiasi kimoja. Msomaji ataamua mwenyewe kama hilo ni haki. Kwa mfanyakazi wa kawaida ni jambo jepesi, kwa kuwa taarifa zote mbili zimeandikwa kwenye kadi ya gari: ujazo wa injini na mwaka wa kutengenezwa.

Mchango wa pensheni unaingia wapi

Mfanyakazi wa sekta binafsi huchangia Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF. Mchango wa jumla ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu ya mfanyakazi haizidi asilimia 10. Mtumishi wa umma huchangia PSSSF, mfuko ulioanza kazi tarehe 1 Agosti 2018 baada ya kuunganishwa kwa PSPF, LAPF, GEPF na PPF. Huko mtumishi hukatwa asilimia 5 na mwajiri huongeza asilimia 15.

Mchango wa mfanyakazi huondolewa kwenye mshahara kabla ya kodi kuhesabiwa. Fedha uliyoiweka kwa ajili ya uzee wako haitozwi kodi ya mshahara mwezi huo. Gari, kwa upande wake, huongezwa kabla ya kodi kuhesabiwa. Kimoja kinapunguza, kingine kinaongeza, na vyote viwili hukutana katika hesabu moja kabla ya ngazi za kodi kuguswa. Hesabu sahihi huenda hivi: mshahara, toa mchango, ongeza thamani ya gari, kisha tafuta kodi.

Tumchukue msimamizi wa ghala, mfano wa kufikirika, mwenye mshahara wa shilingi 1,100,000 kwa mwezi. Anachangia NSSF asilimia 10, yaani shilingi 110,000. Kinachobaki ni 990,000. Kama hana gari, kodi yake ni 68,000 za hadi kufikia 760,000, na asilimia 25 ya zile 230,000 zilizozidi, ambayo ni 57,500. Jumla ni shilingi 125,500.

Sasa mwajiri anampa gari la cc 1,800 lenye umri wa miaka 3. Kwa mwaka ni shilingi 500,000, kwa mwezi ni 41,667. Tunaiongeza kwenye 990,000 na kupata 1,031,667. Kipato hiki kimevuka milioni kwa shilingi 31,667, kwa hiyo kodi ni 128,000 pamoja na asilimia 30 ya ziada hiyo, yaani 9,500. Jumla ni shilingi 137,500. Gari limemgharimu shilingi 12,000 za kodi kwa mwezi, na hicho ndicho kiasi alichopaswa kukiona kimeongezeka kwenye hati yake. Si thelathini elfu, si hamsini.

Tazama pia kazi iliyofanywa na mchango. Bila kuuondoa, mshahara wake pamoja na gari ungefika 1,141,667, na kodi ingekuwa 170,500. Mchango wa 110,000 umemwokolea kodi ya 33,000. Kwa maneno mengine, katika kila shilingi 100 aliyoweka kwenye mfuko, shilingi 30 zingekwenda kwenye kodi kama angezipokea mkononi. Na gari ndilo lililomfikisha kwenye ngazi hiyo ya asilimia 30. Asingekuwa na gari, mchango wake ungemwokolea shilingi 32,500 badala ya 33,000. Tofauti ni ndogo kwake kwa sababu mshahara wake uko karibu na mpaka wa ngazi. Kwa mwenye gari la injini kubwa na mshahara mwingine, huweza kuwa kubwa zaidi.

Mahali hesabu inapoharibika

Kosa la kwanza ndilo linaloumiza zaidi. Mhasibu huhesabu kodi kwenye mshahara ghafi pamoja na gari, kisha ndipo hutoa mchango wa pensheni. Kwenye hati makato yote yanaonekana, kwa hiyo mfanyakazi haoni kilichokosekana. Lakini msimamizi wetu angekuwa analipa kodi ya 170,500 badala ya 137,500. Kwa mwaka ni shilingi 396,000, fedha ya kumlipia mtoto mahitaji ya shule na kubakiza. Kosa hili hutambulika kwa jaribio moja: toa mchango wako kwenye mshahara wako wewe mwenyewe, ongeza thamani ya gari kama unalo, pitisha kwenye ngazi, ulinganishe na kilichoandikwa.

Kosa la pili ni la umri wa gari. Magari mengi yanayotembea kwenye barabara zetu yaliingia nchini yakiwa yametumika kwingine, na miaka 5 yalikwisha kuimaliza kabla hayajaiona Kilwa. Gari la msimamizi wetu lingekuwa na umri wa miaka 9, thamani yake ingekuwa 250,000 kwa mwaka, yaani 20,833 kwa mwezi. Kipato chake kingekuwa 1,010,833 na kodi 131,250. Akihesabiwa kama mwenye gari jipya, anazidishiwa shilingi 6,250 kila mwezi, ambazo ni 75,000 kwa mwaka. Gari pia huzeeka likiwa mikononi mwako: lililokuwa na miaka 4 ulipokabidhiwa litavuka miaka 5, na siku hiyo mtu lazima akumbuke kubadilisha hesabu. Ofisini mara nyingi hakuna anayekumbuka.

La tatu linawahusu madereva, na hapa naomba niseme kwa mkazo. Gari linaloongezwa kwenye mapato ni lile lililotolewa kwa matumizi binafsi ya mfanyakazi, yote au sehemu yake. Dereva anayeendesha gari la mwajiri kubeba mizigo, wageni au mafundi hajapewa gari. Anafanya kazi kwa gari. Mchukue dereva wa mshahara wa shilingi 300,000. Akichangia asilimia 10, hubaki na 270,000, na kwa kiasi hicho hatozwi kodi hata shilingi moja. Mchango wake umemshusha hadi chini kabisa ya ngazi ya kwanza. Mwajiri akimwandikia kimakosa thamani ya gari kubwa la zaidi ya cc 3,000 lililozeeka, ambayo ni 62,500 kwa mwezi, ataanza kulipa kodi ya 5,000. Kwa mtu wa kipato hicho, elfu tano ni unga na mafuta ya kula. Dereva wa namna hii ana haki ya kuuliza ni matumizi gani binafsi yaliyoandikwa kwa jina lake, na mwajiri mwenye daftari zuri la safari atakuwa na jibu.

Yapo magari ambayo hayaongezwi hata yakitumika nyumbani. Sheria inasema kiasi hicho hakihesabiwi iwapo mwajiri hadai katika hesabu zake za kodi gharama za kumiliki, kutunza au kuendesha gari hilo. Mantiki yake ni nyepesi: mwajiri asipopata nafuu ya kodi kwa gari, mfanyakazi naye hatozwi. Halmashauri haifanyi biashara ya faida na haipeleki madai ya namna hiyo, ndiyo maana gari lenye namba za SM halionekani kwenye hati ya mshahara ya mtumishi aliyekabidhiwa. Msomaji asichukue hilo kuwa ruhusa ya kulipeleka gari la SM harusini. Matumizi ya magari ya umma yana miongozo yake, na wananchi wanapoyaona yamesimama mahali pasipohusika wana haki ya kuuliza.

Posho ya usafiri badala ya gari

Wapo waajiri wasiotoa gari, hutoa fedha. Kwa mfanyakazi wa kampuni binafsi, posho ya usafiri inayolipwa taslimu kila mwezi ni mapato kama mshahara na hutozwa kodi yote. Msimamizi wetu akipewa shilingi 200,000 badala ya gari, na posho hiyo isipokatwa mchango, kodi yake huongezeka kwa shilingi 59,500. Linganisha na zile 12,000 za gari. Anayerejeshewa nauli aliyoitumia kwa safari ya kazi, kwa stakabadhi, hayumo katika hesabu hii, kwa kuwa amerudishiwa fedha yake tu. Watumishi wa Serikali na wa taasisi zinazoendeshwa kwa ruzuku ya bajeti ya Serikali wana msamaha wao: posho zao za usafiri na za nyumba hazitozwi kodi hii.

Gari au nyongeza?

Tumefika mahali ambapo uamuzi wa mwezi mmoja unaweza kumfuata mtu hadi uzeeni. Mwajiri anamwita mfanyakazi na kumwambia: mwaka huu siwezi kukuongezea mshahara, lakini nitakupa gari. Mfanyakazi anaona amepata zaidi. Pengine ni kweli. Lakini ahesabu kwanza.

Gari huongeza kodi yako, lakini haliongezi pensheni yako. Mchango hukatwa kwenye mshahara, na pensheni hukokotolewa kwa mshahara. Julai 2022 kanuni ya mafao kwa mifuko yote miwili ilifanywa kuwa moja. Chukua wastani wa mishahara bora ya miaka 3, uzidishe kwa idadi ya miezi uliyochangia, ugawanye kwa 580. Hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka kama umeanza na mshahara wa mwaka. Kwa mgawanyo uliowekwa mwaka 2022, asilimia 33 yake ililipwa kwa mkupuo siku ya kustaafu, ikizidishwa mara 12.5, na asilimia 67 iligawanywa kwa miezi na kulipwa maisha yote ya mstaafu.

Tumpe msimamizi wetu uchaguzi: gari lile la cc 1,800, au nyongeza ya shilingi 100,000 kwa mwezi. Akichukua nyongeza, mshahara unakuwa 1,200,000, mchango 120,000, kipato cha kutozwa kodi 1,080,000, na kodi 152,000. Katika ile laki moja, 10,000 zimekwenda mfukoni mwa NSSF, 26,500 zimeongezeka kwenye kodi, na mkononi zimebaki 63,500. Akichukua gari, mkononi anapoteza 12,000 lakini ana gari.

Kwa macho ya mwezi huu, gari linaonekana kushinda. Sasa tumpeleke mbele. Tuseme anastaafu akiwa amechangia miezi 240, sawa na miaka 20, na laki ile ya nyongeza imo katika mishahara inayotumika kukokotoa wastani. Nyongeza hiyo peke yake inamletea pensheni ya ziada ya shilingi 496,552 kwa mwaka kabla ya kugawanywa. Kwa mgawanyo huo wa mwaka 2022, sehemu ya mkupuo ingekuwa takriban shilingi 2,048,000, na sehemu ya kila mwezi takriban shilingi 27,700, mwezi baada ya mwezi hadi mwisho wa maisha yake. Gari halileti hata senti moja ya hizo. Mkataba ukiisha, gari hurudi kwa mwenyewe, na aliyelitumia hurudi kwenye bodaboda.

Sisemi kila mtu akatae gari. Mtu anayeishi Miteja na kufanya kazi Masoko, anayetumia fedha nyingi kila wiki kwa nauli, anaweza kuona gari lina thamani kuliko pensheni ya ziada, hasa kama ni kijana na anatarajia nyongeza nyingine miaka ijayo. Mtu wa miaka 56 aliyebakiza miaka 4 kufika 60 ya kustaafu kwa lazima yuko mahali tofauti kabisa. Miaka yake hiyo ya mwisho huenda ndiyo yenye mishahara bora itakayomhesabia uzee wake, na kubadilishana nyongeza kwa gari wakati huo ni kuuza kitu cha maisha kwa kitu cha miaka michache. Ipo pia njia ya katikati ambayo watu husahau kuiomba: nyongeza ndogo pamoja na gari dogo lililovuka miaka 5, ambalo kwa injini isiyozidi cc 1,000 huhesabiwa shilingi 10,417 tu kwa mwezi.

Mchango ulioandikwa na mchango uliofika

Kuna jambo moja zaidi, ambalo halihusu gari lakini linaweza kuharibu hesabu zote zilizotangulia. Hati ya mshahara inaonyesha umekatwa 110,000 za mfuko. Kodi imepungua kama inavyotakiwa. Kila kitu kiko sawa kwenye karatasi. Lakini fedha ile inaweza kuwa haijafika kwenye mfuko.

Mwajiri anapaswa kuwasilisha michango ya NSSF ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi husika kuisha. Kodi ya mshahara ina muda mfupi zaidi, siku 7 baada ya mwisho wa mwezi. Mchango usiowasilishwa humwathiri mfanyakazi kwa namna ambayo haionekani hadi miaka mingi baadaye. Sharti la kupata pensheni ya kila mwezi ni kuchangia si chini ya miezi 180. Mwenye miezi 178 hupewa malipo ya mkupuo tu. Miezi miwili aliyokatwa mwaka fulani, kampuni ikafunga kazi na kuondoka bila kuiwasilisha, inaweza kuwa ndiyo iliyomtenga na pensheni. Wakandarasi huja wilayani kwetu kwa kazi ya miaka miwili au mitatu, barabara ikikamilika wanahamisha mitambo. Kumtafuta mwajiri aliyekwisha kuvuka Rufiji ni kazi ngumu kuliko kumuuliza angali na ofisi yake hapa.

Kwa hiyo usingoje kustaafu. Mwanachama wa PSSSF anaweza kutazama michango yake kwenye simu kwa kutumia programu ya PSSSF Kiganjani. Mwanachama wa NSSF anaweza kupata taarifa yake kupitia huduma za mfuko za mtandaoni au kwa kufika ofisi ya mfuko akiwa na namba ya uanachama na kitambulisho. Linganisha mwezi kwa mwezi na hati zako za mshahara. Ukikuta pengo, andika barua kwa mwajiri, hifadhi nakala, kisha upeleke nakala hiyo na hati za miezi hiyo kwenye mfuko. Mfuko una mamlaka ya kumdai mwajiri. Wewe peke yako huna.

Ukitaka kuhakiki kodi ya gari, utaratibu ni huohuo wa karatasi. Nenda kwa mhasibu wa mwajiri wako na nakala ya kadi ya gari, hati za mshahara za miezi mitatu, na hesabu yako uliyoifanya mwenyewe nyumbani. Muulize swali moja: je, mchango umeondolewa kabla ya kodi? Akikuonyesha kwamba umeondolewa, hamia kwenye umri wa gari na ujazo wa injini. Kosa likibainika, omba lirekebishwe ndani ya mwaka uleule wa kodi, unaoanza Januari na kuishia Desemba, kwa kuwa mwajiri hupata urahisi wa kusawazisha makato ya miezi inayofuata kuliko kufungua hesabu za mwaka uliofungwa. Mwajiri akikataa kueleza, ofisi ya Mamlaka ya Mapato hupokea malalamiko ya mlipakodi mwenyewe, na huhitaji wakili wala barua ya mtendaji wa kata ili kusikilizwa. Karatasi zako zitatosha.